Sungura wa mama: Kitambaa nilichokiuza Kigoma bila kumuuliza mwenyewe

“Mama, fungua huo mzigo tuone.”

Sauti hiyo kila mfanyabiashara wa mpakani anaifahamu. Nilikuwa Mugina, nikitokea Manyovu upande wa Tanzania, nimebeba furushi la vitambaa na mashuka ya kudarizi. Nikafungua. Ofisa yule kijana akafunua shuka la kwanza, akafunua la pili, kisha akatoa kipande cha gunia kilichokunjwa katikati. Akakikunjua na kukiinua juu kwa mikono miwili.

Kwenye kile kipande alikuwa amesimama sungura. Amevaa koti la mirabamiraba na kizibao, kwapani ana mwavuli, mkononi ameshika saa ya mfukoni yenye mnyororo, na macho yote ameyakaza kwenye saa.

“Huyu sungura wako anachelewa wapi?” akauliza, na wenzake wakacheka.

“Anachelewa nyumbani, mkubwa,” nikajibu.

Walicheka tena wakaniruhusu nipite. Hawakujua kwamba nilikuwa nimesema kweli tupu. Sungura yule nilikuwa nampeleka kwa mama yangu kuziba pengo la sungura mwingine, na mama hakuwa na habari kuwa wa kwanza ameshauzwa.

Ndugu msomaji, nimeamua kuisimulia habari hii kwa sababu najua wengi wetu tuliorudi kutoka makambini tulirudi na vitu vichache sana, na baadhi ya vitu hivyo tumeviuza. Mimi nimo miongoni mwao.

Kitabu cha mwalimu

Familia yetu iliingia Tanzania mwaka 1996, nikiwa na miaka tisa. Tukapelekwa kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Hapo nilikulia, hapo nilisoma, na hapo nilijifunza kushika sindano.

Karibu na nyumba yetu ya tope aliishi mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu. Alikuwa na vitabu vinne tu, na kimoja kilikuwa cha hadithi ya watoto kwa Kiingereza chenye michoro ya zamani. Jioni watoto tulikusanyika kwake. Alisoma sentensi moja moja kimoyomoyo, kisha akatufasiria kwa Kiswahili. Ilikuwa hadithi ya msichana aliyemfuata sungura shimoni akajikuta kwenye nchi ya vituko.

Baadaye nikiwa mtu mzima nilikuja kujua kwamba kitabu kile kina sifa dunia nzima. Kiliandikwa na Mwingereza Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati huko Oxford, ambaye vitabuni alijiita Lewis Carroll. Hadithi yenyewe aliianza kwa mdomo tarehe 4 Julai, 1862, akiwa kwenye mtumbwi mtoni pamoja na watoto watatu wa mkuu wa chuo chake. Mmoja wao, Alice, akamwomba aiandike. Kitabu kilichapishwa mwaka 1865 kikiwa na michoro 42 ya msanii John Tenniel, mchoraji wa gazeti la vichekesho la Punch.

Nilikuja kujua pia kwamba mzee wetu alijitaabisha bure kufasiri, kwani hadithi hiyo ilishatafsiriwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Katika toleo hilo Elisi alichorwa kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri nyingine ya Ida Hadjivayanis, iitwayo Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Lakini kule kambini hatukuwa na habari ya yote hayo. Tulichokuwa nacho ni mzee, kitabu chake na koroboi.

Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minne, hakuelewa sana hadithi. Yeye alimpenda sungura. Kwetu sisi sungura ni yule mjanja wa hadithi za bibi, anayewazunguka fisi na simba. Mdogo wangu hakuwahi kumwona sungura aliyevaa kizibao na kubeba saa. Kila jioni alidai ukurasa ule ufunguliwe kwanza, la sivyo analia.

Ndipo mama akasema: “Mwalimu, niazime hiyo picha. Nitamshonea akae naye nyumbani.”

Miraba ya daftari la hesabu

Mama hakujua kusoma wala kuandika, lakini kuhesabu alijua kuliko sisi tuliokwenda shule. Utotoni alifundishwa kudarizi na masista, na mshono alioupenda ulikuwa ule wa msalaba. Kwa wasioufahamu, mshono huo ni wa vijialama vya mkasi: uzi mmoja unapita kutoka pembe hadi pembe, wa pili unaukata juu yake. Kila msalaba unajaza mraba mmoja. Ukipanga misalaba ya rangi mbalimbali kwa hesabu, unapata ua, ndege, nyumba, hata mtu.

Kwa hiyo picha yoyote ni lazima kwanza igeuzwe miraba. Mwalimu alikataa katakata kitabu chake kichorwe mistari, hata ya penseli. Wakabuni njia. Mwalimu alikata fremu ya boksi gumu, akatoboa matundu pembezoni kwa umbali ulio sawa, akapitisha uzi mweusi kwa wima na kwa ulalo hadi ukawa kama wavu. Fremu ile ikawekwa juu ya ukurasa, na sungura akaonekana amegawanyika katika miraba 12 kwa upana na 16 kwa urefu. Kitabu hakikuguswa na wino.

Kisha wakachukua daftari la hesabu lenye kurasa za miraba. Kila mraba mmoja wa uzi ukawa miraba midogo saba kwa saba kwenye daftari. Fanya hesabu mwenyewe: 12 mara 7 ni 84, na 16 mara 7 ni 112. Ukurasa mmoja haukutosha, zikaunganishwa kurasa tisa kwa gundi ya uji wa muhogo. Mwalimu alinakili mistari mikubwa, mama akaamua mraba upi uwe wa rangi gani.

Hapo palikuwa na kazi. Mchoro ule hauna rangi. Tenniel alichora kwa penseli, na mafundi wa familia ya Dalziel wakauchonga kwenye vibao vya mti ili uchapwe kwa wino mweusi. Kivuli chote ni vijistari vyembamba vilivyosongamana, na msalaba hauwezi kushika kistari chembamba kama unywele. Mama akaacha vijistari vyote, akabakiza rangi tano: nyeupe kwa manyoya, kijivu kwa kivuli, nyeusi kwa mistari ya nje, kahawia kwa mwavuli, na nyekundu kwa koti. Nyekundu hakuichagua kwa kupenda. Ndiyo iliyokuwepo, kwa sababu sweta ya mtumba iliyochanika ilikuwa nyekundu.

Alifumua sweta ile, akaosha uzi, akauzungusha kwenye chupa ukakauka ukiwa umenyooka. Kitambaa kilikuwa gunia la kahawa. Wanaobeza gunia hawajui kazi: nyuzi zake ni nene na zinaonekana moja moja, hivyo ni rahisi kuzihesabu hata usiku. Kwa sindano butu na uzi wa sweta, mama alipata misalaba mitano kwa kila inchi. Ina maana sungura wake alitimia upana wa inchi 17 hivi na urefu wa zaidi ya inchi 22. Nusu ya ukuta wetu.

Masharti yake yalikuwa matatu, na mpaka leo ninawafundisha wasichana hayohayo. Kwanza, kunja kitambaa mara mbili upate katikati, na uanzie hapo, usije ukafika pembeni sungura akakosa masikio. Pili, mguu wa juu wa msalaba ulale upande mmoja kitambaa kizima, la sivyo kazi itaonekana kama nywele zisizochanwa. Tatu, usipige fundo nyuma. Shikilia ncha ya uzi chini ya misalaba mitano ya kwanza, itajifunga yenyewe.

Na kabla ya kulala, alisema, hesabu tena.

Kosa la mstari wa 58

Kazi ilianza mwaka 1999. Mdogo wangu hakumwona sungura akikamilika. Aliugua homa katikati ya masika na kufariki dunia baada ya siku tatu. Mama alikaa miezi bila kugusa sindano, kisha siku moja akaishika tena na kuimaliza kazi pasipo kusema neno. Tukakitundika ukutani. Mwishoni mwa mwaka 2012, kambi ya Mtabila ilipofungwa na sisi tukarudi Burundi, kile kitambaa kilikunjwa ndani ya sufuria kubwa, pamoja na zile kurasa tisa za miraba.

Nyumbani tulianza upya kama wengine walivyoanza. Shamba lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka, na watu tulikuwa wengi kuliko shamba. Mimi nikaingia kwenye biashara ya kuvuka: natoka na mashuka ya kudarizi yanayoshonwa na akina mama wa huku, narudi na nyuzi, vitambaa vya tetroni na sabuni. Si biashara ya kutajirisha, lakini ada ya shule imelipwa.

Mwaka 2017 macho ya mama yakaanza kufifia. Alisema anaona moshi hata jiko likiwa limezimwa. Tulipompima tukaambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba unatibika kwa upasuaji wa kuondoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia. Sikuamini kwamba jambo la kumrudishia mtu macho linaweza kuwa la siku moja. Lakini ili kuifikia siku hiyo zinahitajika nauli za watu wawili, mahali pa kulala, chakula na dawa za matone za majuma kadhaa. Kikapu changu hakikuwa na kitu, kwani miezi miwili kabla nilikopesha mzigo kwa mteja ambaye hakuonekana tena.

Nilikuwa Kigoma na kile kitambaa cha mama. Nilikibeba nipate kumwonyesha fundi mmoja jinsi ya kushona kwenye gunia. Mfanyabiashara mwenzangu akakiona. Akasema ana mtu anayetafuta vitu vya mkono vya namna hiyo, na yuko tayari kutoa shilingi 120,000 za Tanzania papo hapo.

Nilikaa na ile bei kichwani usiku kucha. Asubuhi nikauza.

Nilijipa moyo kwamba nina kurasa tisa za miraba nyumbani, na mikono yangu ni ileile aliyoifundisha mama. Nitashona kingine, naye haoni. Nilitafuta gunia la kahawa, nikanunua sweta nyekundu ya mtumba, nikaifumua. Kazi niliifanya kwa fundi wangu Kigoma kila nilipovuka, mbali na nyumbani. Kabla ya kuuza nilikuwa nimekipiga picha kitambaa cha mama kwa simu, na nilipolinganisha picha hiyo na miraba ya mwalimu, nikagundua kitu ambacho kwa miaka yote sikukiona.

Mama alikosea. Upande wa kushoto, kwenye mfuko wa kizibao, kila kitu kilikuwa sawa. Upande wa kulia, kuanzia mstari wa 58, mkono ulioshika saa ulikuwa umepanda mraba mmoja. Aliruka mstari. Matokeo yake mnyororo wa saa unaotoka mfukoni na mnyororo unaotoka kwenye saa havikukutana. Katikati palikuwa na pengo la msalaba mmoja.

Nakiri kwamba nilifurahi. Niliona nimepata namna ya kulipa dhambi yangu: nitamshonea kilicho bora kuliko cha kwanza. Nikahesabu mara tatu, nikaziba pengo. Mnyororo ukakutana. Hicho ndicho kitambaa ambacho yule ofisa wa forodha alikiinua pale Mugina.

“Hiki si changu”

Mama alipasuliwa jicho la kulia kwanza. Kesho yake pamba ilipotolewa, alitazama kidole cha muuguzi, akatazama dirisha, akanitazama mimi. “Umezeeka,” akaniambia, na sote tukacheka huku machozi yakitoka.

Tulipofika nyumbani aliomba kitu kimoja: aletewe sungura.

Nilimletea. Akamweka mapajani, akasogea mlangoni penye mwanga. Hakuangalia masikio wala koti. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye mnyororo wa saa. Kikapita kutoka mfukoni hadi mkononi, kikarudi, kikapita tena. Nikahisi miguu inaniisha nguvu.

“Hiki si changu, mwanangu,” akasema. “Changu kina kosa.”

Sikuwa na uongo wa kutosha. Nikamweleza yote: deni, Kigoma, shilingi 120,000, nauli ya kwenda kupasuliwa. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu Mtabila.

Usiku wa pili wa ugonjwa wa mdogo wangu alikuwa akishona kando ya mkeka wake, kwa sababu mtoto alitaka aone mkono wa sungura ukitokea. Alikuwa akihesabu miraba huku akihesabu pumzi za mtoto, na hesabu hizo mbili zikaingiliana. Aliligundua kosa miezi baadaye aliporudia kazi. Angeweza kulifumua, misalaba yenyewe haikuzidi 200. Hakulifumua.

“Kila nilipotaka kumkumbuka,” akasema, “niliweka kidole pale.”

Sikuwa na la kujibu.

Mzungu aliyekataa vitabu 2,000

Baada ya hapo nilitaka kukijua vizuri kile kitabu cha mwalimu, labda kwa kutafuta pa kuuegemeza moyo. Nikakuta kisa ambacho mtu wa sindano hawezi kukisahau. Mwaka 1865, nakala 2,000 za kwanza zilipochapwa, Tenniel aliziangalia na kusema hakuridhika na jinsi michoro yake ilivyotoka. Mwandishi, aliyekuwa akigharamia uchapaji kutoka mfukoni mwake, akakubali kazi nzima irudiwe upya. Karatasi zile zilizokataliwa ziliuzwa Marekani, zikafanywa vitabu huko. Leo nakala chache zilizosalia za uchapaji ule wa kwanza zinatafutwa na matajiri.

Vilevile mwaka 1889, walipoandaa toleo la watoto wadogo lenye picha 20 za rangi, mwandishi aliukataa uchapaji wa kwanza kwa kuwa rangi zilikoza mno. Likatoka jipya mwaka 1890, ambalo ndani yake Alice amevaa gauni la njano.

Nilimsimulia mama. Akatikisa kichwa. “Huyo alikuwa na haki,” akasema. “Picha ni yake, kosa ni la mwingine. Ukikosea lako, unaamua mwenyewe. Usimfumulie mtu kosa lake bila kumuuliza.”

Kwa wenzangu wa mpakani

Kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu wengi ni watu wa kuvuka, niseme machache ya biashara yenyewe kabla ya kumaliza.

Michoro ya Tenniel kwenye kitabu kile ni huru. Msanii alifariki mwaka 1914, na haki za kazi ya msanii hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo chake kutegemea nchi. Kwa hiyo unaweza kuishona na kuiuza bila kuogopa mtu. Lakini vikaragosi vya filamu, hata vile vya hadithi hiyohiyo vilivyotengenezwa na kampuni ya Disney mwaka 1951, vina wenyewe. Usichukue mchoro kwenye kasha la filamu ukaugeuza biashara.

Pili, wateja wanaotaka kazi ndogo nawashonea kwenye kitambaa cha Aida, ambacho kimefumwa kikiwa na vijitundu tayari. Kile cha matundu 14 kwa inchi ndicho kinachopatikana zaidi. Miraba ni ileile 84 kwa 112, lakini sungura anakuwa wa inchi 6 kwa 8 tu. Gawanya idadi ya miraba kwa idadi ya matundu, utapata ukubwa, kisha ongeza inchi tatu kila upande za kukunja na kutia fremu. Wengi wanapata hasara kwa kukata kitambaa kabla ya kufanya hesabu hiyo ndogo.

Tatu, msiogope kupita njia halali. Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya nchi wanachama na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Tozo nyingine zinaweza kuwepo, hivyo uliza kwanza na udai stakabadhi. Njia ya vichakani ina bei yake, na mara nyingi mwanamke ndiye anayeilipa.

La nne silisemi kama mfanyabiashara. Kabla ya kuuza kitu cha mzee wako, muulize. Huenda atakwambia uza. Mama yangu alisema hivyohivyo: “Ungeniuliza ningekwambia uza, macho ni macho. Lakini ningekiaga.”

Nawaomba wasomaji

Nilirudi Kigoma mara tatu kukitafuta. Mwenzangu aliyeninunulia alinieleza ukweli: mtu wake alikichukua akapanda treni ya kwenda Dar es Salaam. Jina hakulijua, simu ya mtu yule haikupatikana tena. Kuanzia hapo njia imekatika.

Mama sasa amepasuliwa na jicho la pili. Kitambaa changu amekitundika ukutani, na nilipojitolea kufumua mnyororo ili niweke pengo, alinikatalia. “Hicho ni chako. Kiache kilivyo.” Jioni anaketi na binti yangu wa miaka kumi, zile kurasa tisa zimetandikwa mkekani, zimechakaa hadi gundi ya muhogo imeachia. Mtoto anashona, bibi anahesabu kwa sauti. Wamefika mstari wa 31.

Kwa hiyo naandika haya pia kama tangazo. Kama uko Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora au popote ile reli inapopita, na umeona kwenye nyumba ya mtu kipande cha gunia la kahawa chenye sungura wa koti jekundu anayetazama saa, tafadhali mtazame vizuri. Weka kidole kwenye mnyororo, fuata kutoka mfukoni kuelekea mkononi. Kama unakutana, huyo si wake. Kama una pengo la msalaba mmoja, mwambie mwenye nyumba kwamba kuna mtu Burundi yuko tayari kukinunua kwa bei aliyokinunulia, na nauli juu yake. Ujumbe aupeleke kwa mhariri wa ukurasa huu, nitaupata.

Na kama hataki kuuza, nitamwelewa. Nitaomba tu akipige picha mahali kilipotundikwa, nimpelekee mama akaione.